Siku Othman Alipopishana na Mkewe

Tangu alfajiri ya Alhamisi ile kuta za nyumba ya Othman zilikuwa zinatoka jasho. Ndivyo ilivyo Guangzhou baridi inapoanza kuaga na joto la kusini linapoingia: sakafu inalowa bila mtu kumwaga maji, vioo vinafunga ukungu, na nguo ulizoanika Jumatatu unazianua Ijumaa zikiwa mbichi vilevile. Othman alikuwa ameyazoea hayo. Alikuwa ameishi miaka kumi na minane katika mtaa wa Sanyuanli, ananunua mikoba kwenye viwanda vya Shiling na kuipeleka Unguja na Dar es Salaam, na kila mwaka msimu huo ulipofika aliufungia madirisha akausubiri upite. Lakini siku hiyo alikuwa amepanda juu ya kiti, taulo mkononi, anafuta kuta.

"Baba," Ilham akamwita kutoka mlangoni, "huo ukuta umeufuta mara ngapi?"

"Mara moja tu."

"Nimesimama hapa nakuangalia. Mara nne. Na maji yanatoka tena."

"Basi nitaufuta mara ya tano. Mtu anatoka Unguja, siku yake ya kwanza aje akute nyumba inalia?"

Ilham alikuwa na miaka ishirini na mmoja, yuko chuoni anasomea ufamasia. Aliletwa Uchina akiwa na miaka minne, mwaka aliofariki mama yake, na tangu hapo walikuwa wawili, baba na binti, kila mmoja akijua mwenzake anapenda chai yake namna gani. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwona baba yake akifuta ukuta. Wala hakuwahi kumsikia akiimba bafuni, na asubuhi ile alikuwa ameimba mpaka jirani wa juu akagonga bomba.

Mtu aliyekuwa akitoka Unguja ni Bi Mwatima, mke wa Othman wa miezi mitatu, ambaye katika miezi hiyo mitatu walikaa pamoja siku kumi tu. Walijuana mwaka uliotangulia, Othman alipokwenda nyumbani akamsindikiza dada yake kwenye kituo cha afya cha Jang'ombe. Dada akatolewa damu, kimya, kama hakuna lililotokea. Othman, aliyesimama pembeni ili ampe moyo, akaiona ile sindano na akaenda chini kama gunia. Alipofumbua macho alimkuta muuguzi mwenye miwani amemwinamia, anampiga vikofi vya mashavu.

"Unaitwa nani, kaka?"

Othman akalitafuta jina lake, asilione.

"Hujui jina lako?"

"Nilikuwa nalijua," akasema.

Muuguzi akacheka, na kuanzia hapo Othman hakupona. Miezi minane wakazungumza kwa simu, yeye akitembea viwanda vya Shiling na sauti ya Mwatima sikioni, akitabasamu peke yake mbele ya Wachina wa mikoba. Disemba ikafungwa nikahi. Siku kumi baadaye ikambidi arudi haraka, maana viwanda vilikuwa karibu kufungwa kwa mwaka mpya wa Kichina, na Mwatima akabaki kusubiri viza. Sasa viza ilikuwa imetoka, na ndege yake ilitarajiwa saa saba mchana.

Othman akavaa suti ya kijivu aliyoolea, akafunga na tai ya njano.

"Tai ya nini, baba? Tunakwenda uwanja wa ndege, si bungeni."

"Wewe nawe! Nimepinda?"

"Umenyooka. Ila viatu umevaa vya jozi mbili tofauti."

Njiani alinunua maua, mayungiyungi meupe kumi na mawili, akayakumbatia ndani ya treni ya chini ya ardhi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Saa nne asubuhi walikuwa wameshafika uwanjani. Zilibaki saa tatu nzima kabla ya ndege. Ilham akafungua kitabu chake cha dawa. Othman akasimama mbele ya mlango wa wanaowasili, akimtazama kila anayetoka, hata watawa wa kibudha, kana kwamba Mwatima angeweza kutoka katika sura yoyote.

Saa sita na nusu mbingu ikafunga. Haikufunga polepole. Mchana ule mweupe ulikunjwa kama mkeka, kukawa na giza la magharibi, taa za barabarani zikajiwasha zenyewe. Kisha radi ikapasuka juu ya paa, na watu mia mbili wakasema "Ai!" kwa sauti moja.

"Wachina wanasema radi hizi za kwanza za mwaka ndizo zinazowaamsha wadudu waliolala ardhini wakati wa baridi," Ilham akasema.

"Zimewaamsha na wasio wadudu," akajibu Othman, mkono kifuani.

Ikaja mvua ya mawe. Mawe makubwa kama gololi yakalipiga paa la uwanja kwa kishindo ambacho hata ukipiga kelele husikiki, na nje madereva wa teksi wakakimbia wakijifunika vichwa kwa mazulia ya magari yao. Kwenye ubao wa ndege maandishi mekundu yakaanza kuteremka, mstari baada ya mstari. Ilham aliyasoma kimya, kisha akamtazama baba yake, kisha akayasoma tena akitumaini amekosea.

"Wamesemaje?"

"Baba, usishtuke. Ndege yake haikuweza kutua. Wameipeleka Shenzhen."

Kabla Othman hajaamua ashtuke namna gani, simu yake ikalia. Namba ngeni.

"Othman? Mimi Mwatima."

"Mwatima! Uko wapi?"

"Nimo ndani ya ndege."

"Ndege iko wapi?"

"Iko chini, alhamdulillahi, lakini si kwenu. Wanasema Shen... Shen nini vile, dada? Shenzhen. Wametuzungusha huko juu mpaka watu wakasoma kila dua waijuayo. Mtu nyuma yangu katapika. Mimi sikutapika."

"Umefanya vizuri sana," Othman akasema, na machozi yakamlengalenga kwa fahari.

"Nimeazimwa simu na mwenzangu niliyekaa naye, inakaribia kuzima. Sikiliza, usihangaike, sisi..."

Ikazima. Othman akapiga. Akapiga tena. Akaitazama simu kana kwamba imemtukana.

Ilham akaenda kuuliza kwenye meza ya shirika la ndege, akarudi na jibu. "Mhudumu anasema tusubiri hapahapa. Mvua ikikatika, ndege itarudi. Isipokatika, labda abiria watashushwa hukohuko walale."

Katika maneno hayo yote Othman alisikia moja tu: watashushwa.

"Twende."

"Wapi?"

"Shenzhen."

"Baba, amesema labda!"

"Mke wangu ashushwe mji asioujua, hajui hata kuomba maji ya kunywa, na mimi nimesimama hapa na maua? Ilham mwanangu, ukitaka baki. Mimi nakwenda."

Ilham alimjua baba yake kuwa mtu wa kupima mara tatu ndipo akate. Kwenye mikoba aliweza kubishana na laoban, mwenye kiwanda, juu ya zipu moja mpaka laoban mwenyewe, tajiri wa watu, akaomba wapumzike wanywe chai. Mtu huyo hakuwepo pale. Aliyekuwepo alikuwa kijana wa miaka hamsini na sita mwenye tai ya njano, ambaye akiachwa aende peke yake angeweza kujikuta Beijing. Ilham akafunga kitabu.

Ipo treni inayotoka uwanja wa ndege wa Guangzhou hadi ule wa Shenzhen, na wakaipata mlango ukiwa karibu kufungwa. Othman akayaweka maua kwenye kichanja cha mizigo juu ya kichwa chake, akakaa, akasimama, akakaa. Nje mashamba ya ndizi yalikuwa yamelala kifudifudi kwa upepo, na maji yalitiririka kwenye vioo kama mtu anamwaga kwa ndoo. Mara mbili treni ikasimama katikati ya njia kupisha upepo, na mara zote mbili Othman aliwatazama abiria wenzake kwa lawama.

"Utamwambia nini ukimwona?" Ilham akamuuliza, ili kumtuliza.

"Nitamwambia, karibu Guangzhou."

"Lakini hapo mtakuwa Shenzhen."

Othman akafikiri. "Nitamwambia, karibu karibu na Guangzhou."

Ilham akaanza kucheka, akajizuia kwa sababu baba yake alikuwa amesema kwa moyo mweupe kabisa. Kisha Othman naye akajisikia alivyosema, mabega yakaanza kumtikisika, wakacheka wote wawili mpaka mama wa kiti cha mbele akageuka kuona kuna nini.

Walipofika Shenzhen walitoka mbio. Ajabu ni kwamba kule mvua ilikuwa imekatika. Jua lilikuwa linachungulia, na lami inafuka mvuke. Othman alikimbia huku koti linapepea nyuma, akaupita mlango wa kuingilia, akarudi, akaingia. Kwenye meza alikuwepo msichana mpole mwenye utepe shingoni. Ilham akamweleza habari yote huku anahema. Msichana akabonyeza kompyuta, akatabasamu, akasema sentensi moja.

Ilham hakuitafsiri. Akainamisha uso juu ya meza.

"Amesemaje?" Othman akauliza. "Ilham! Amesemaje? Kuna msiba?"

"Anasema," Ilham akainua uso, umekuwa mwekundu kwa kuzuia kicheko, "anasema Guangzhou hali imetulia. Ndege imesharuka. Dakika ishirini zilizopita. Inarudi kule tulikotoka."

Othman aligeuka taratibu kwenye kioo kikubwa kinachotazama uwanja. Mbali kule ndege moja nyeupe ilikuwa inapanda, inang'aa juani. Akainua mkono akaipungia.

"Hiyo inakwenda Chengdu, baba."

Hapo Ilham alishindwa. Alicheka akakaa chini sakafuni. Msichana wa meza, ambaye hakuelewa neno ila alielewa kila kitu, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Othman alisimama katikati yao na tai yake, akajaribu kuwa mtu mzima kwa muda kidogo, ikamshinda. Akacheka kicheko cha kikohozi, cha machozi, akijishika mbavu. "Nimempita," alikuwa anasema. "Mke wangu nimempita njiani! Yeye juu, mimi chini!"

"Na maua, baba?"

Othman akaitazama mikono yake mitupu. Mayungiyungi yote kumi na mawili yalikuwa yanaendelea na safari kichanjani.

Wakarudi kituoni, wakapata treni ya kurudi. Safari hii Othman hakukaa kabisa. Kicheko kilikuwa kimemtoka na nafasi yake imeingia hofu: ndege itatua, Mwatima atatoka na sanduku lake, atatazama kulia, atatazama kushoto, na hatakuwepo mtu. Alimpigia Maulid, rafiki yake mwenye mgahawa katika mtaa wa Guangyuan Xilu, ili amwombe awahi uwanjani. Simu ikaita mpaka ikachoka. Muda ule wachukuzi na wanunuzi wa masoko ya nguo huja kula, na Maulid hushika mwiko, hashiki simu.

Bibi mmoja wa Kichina aliyebeba kapu la mayai ya bata alikuwa akimtazama Othman anavyopita mbele na nyuma. Mwishowe akamuuliza Ilham: huyu mzee ana ugonjwa gani? Ilham akamweleza. Bibi akasikiliza habari yote, akapiga paja, akageuka akawahadithia waliokuwa nyuma yake. Wa nyuma wakawahadithia wa nyuma yao, na kabla ya kituo cha pili behewa zima lilikuwa linajua kwamba yule Mwafrika mwenye tai ameoa, mkewe yuko angani, na wamepishana.

Mwanafunzi mmoja akasogea na simu yake. Alikuwa na ramani inayoonyesha ndege zote zilizo angani, kila moja kama nzi mdogo wa njano. Akauliza namba ya ndege, akaandika, akamwonyesha Othman nzi mmoja anayezunguka karibu na Guangzhou akisubiri zamu ya kutua.

"Ni huyo?" Othman akauliza kwa kunong'ona.

"Ndiye huyo," akasema Ilham.

Othman akainama akamtazama yule nzi wa njano kwa mapenzi ambayo hayasemeki. Watu wakasogea. Bibi wa mayai akataka avishwe miwani ili naye aone. Nzi akazunguka duara moja, akazunguka la pili, watu wakalalamika. Mtu wa suruali ya ofisi akasema foleni ya uwanja ule haijawahi kuwa na huruma. Kisha nzi akanyooka, akashuka, akagusa ile mistari myeupe, akasimama. Behewa zima likapiga makofi. Bibi akampa Othman mayai mawili ya bata, akamfunga vidole juu yake kama anayempa mahari, na Othman akamshukuru kwa Kichina, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu.

Lakini ikapita saa nzima, ikapita saa moja na nusu, na namba ile ngeni bado haipatikani. Othman akakaa hatimaye. Akayapakata mayai.

"Ilham," akasema, "akiona sikuwepo, si atapanda ndege nyingine arudi?"

Ilham akamtazama. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuona cha kucheka. "Baba," akasema, "mwanamke aliyekupenda ukiwa umezimia sakafuni, atakuacha kwa kuchelewa?"

Simu ikalia. Maulid.

"We Othman! Uko wapi?"

"Nimo kwenye treni, natoka Shenzhen."

"Shenzhen unafanya nini na mkeo yuko kwangu?"

Othman alisimama ghafla, yai moja likamponyoka. Bibi akalidaka.

"Yuko kwako? Mwatima? Yupi?"

"Kwani unao wangapi? Yuko hapa, anakula sahani ya pili. Amefungua halua yake, mgahawa mzima unalamba vidole. Njoo upesi, watu wanataka kukuona!"

Walishuka treni, wakapanda nyingine, na walipotokeza juu ya ardhi karibu na Guangyuan Xilu saa moja jioni, mvua ilikuwa imeanza upya. Teksi zote zikawapita. Moja ikapunguza mwendo, dereva akauona mto uliokuwa barabara, akasema "Meiyou, hakuna!" akaondoka. Baba na binti wakavua viatu, wakapita katika maji yaliyofika kwenye mashavu ya miguu, chini ya mabango ya masoko ya nguo, hadi kwenye ngazi za mgahawa wa Maulid ulioko ghorofa ya pili.

Othman aliposukuma mlango, vigelegele vikalipuka. Mgahawa ulijaa: Wazanzibari, watu wa Kariakoo, Wakongomani, hata wasichana wa Kichina wa maduka ya chini. Yeye alisimama mlangoni bila viatu, suruali imekunjwa, tai imegeuka kamba, yai la bata katika kila mkono.

Mwatima alikuwa ameketi katikati, miwani yake puani, buibui halina hata tone la maji. Akamtazama mgeni huyu kuanzia nyayo hadi utosi.

"Samahani, kaka," akasema. "Unaitwa nani?"

Othman akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Jina limempotea tena!" Mwatima akawaambia watu, na ukumbi ukavunjika kwa vicheko. Kisha yeye mwenyewe akainuka, akaja mpaka alipo, akayachukua yale mayai akampa Maulid, akamfuta mume wake uso kwa ncha ya mtandio, taratibu, mbele za watu wote. "Pole," akamwambia kwa sauti ya chini. "Pole, mume wangu. Umekwenda mbali."

Pembeni alisimama mwanamke mnene wa Lubumbashi, amefunga kilemba cha kitenge, mikono kiunoni. Huyu ndiye Odette, mwenye ile simu. Huja Guangzhou kununua nguo mara nne kwa mwaka, na alikuwa amekaa ubavuni mwa Mwatima tangu Addis Ababa.

"Njo huyu?" Odette akauliza. "Bwana yako njo huyu? Mon Dieu! Mama, ulisema ni mutu wa kutulia!"

"Huwa ametulia," Ilham akasema kumtetea baba yake. "Leo tu."

Odette ndiye aliyewahadithia. Walipotoka uwanjani simu yake imekufa kabisa, hakuna wa kuwapokea, akadhani mwenzake ataanza kulia. "Miye nilisha kutoa mouchoir ya kumupanguza machozi," akasema. "Yeye anaangalia tu watu, anacheka."

"Ningelia nini?" Mwatima akasema. "Kila mtu alikuwa na mtu wake, mimi peke yangu sina. Nikajiambia, mwanamume huyu kwenye nikahi alifika kabla ya kadhi. Hachelewi. Ikiwa hayupo hapa, basi amewahi mahali pengine."

"Nikamwambia, bon, tusibaki hapa," Odette akaendelea. "Waswahili wote wa Guangzhou wanakula kwa Maulid. Kama bwana ni wa kweli, huko watamujua. Kama ni wa bongo, mudanganyifu, huko pia watatuambia!"

Kicheko kikapanda tena. Katikati ya kelele hizo Mwatima akamgeukia Ilham, aliyekuwa amejibanza karibu na mlango akikamua maji kwenye nywele. Walikuwa wamezungumza kwa simu mara nyingi, lakini ana kwa ana ilikuwa mara ya kwanza, maana Disemba Ilham alikuwa na mitihani. Wakatazamana. Ilham, aliyeshughulika siku nzima na wazimu wa baba yake, akaacha kukamua nywele, akasogea hatua moja.

"Sijui nikuite nani," akasema. Hakukusudia kuanza na hilo, lilimtoka.

"Niite utakavyoweza leo," Mwatima akamjibu. "Tukizoeana utabadilisha, mimi sitauliza. Umekula?"

"Tangu asubuhi sijala."

"Baba yako kakutembeza na njaa mpaka Shenzhen?" Akamshika mkono, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akasogeza sahani. "Kula. Wewe Maulid, huyu ana njaa! Ongeza mchuzi."

Ilham akala. Othman akakaa mbele yao, maji yanamchuruzika, hali kitu, anawatazama tu wanawake wawili walioinamia sahani moja, na kila mtu aliyempita alimpiga bega.

Muda wa kuondoka ulipofika maji barabarani yalikuwa yamefika magotini. Nyumba ilikuwa mwendo wa dakika kumi tu, lakini Mwatima alikuwa na sanduku ambalo wanaume wawili walilishusha ngazi kwa kulaumiana. Chini, mchukuzi mmoja wa marobota alikuwa amesimama na toroli lake lenye magurudumu makubwa, anasubiri mvua. Othman alizungumza naye, na mchukuzi, baada ya kuambiwa ni bibi harusi, akatandika nailoni juu ya toroli, akakataa malipo.

"Panda," Othman akasema.

"Nipande wapi?"

"Juu ya sanduku."

"Mimi? Othman, nina miaka arubaini na tisa!"

"Mama, panda!" Odette akapiga kelele kutoka juu dirishani. "Panda, tupige picha!"

Mwatima akapanda. Othman akashika mpini upande mmoja, mchukuzi upande wa pili, Ilham akafungua mwavuli wa kuazima juu ya kichwa cha mama huyu mgeni, na msafara ukaingia majini. Mwanzoni Mwatima alifumba macho akasoma aya. Walipofika kwenye mteremko toroli likashika kasi lenyewe, Othman akawa halisukumi tena bali analikimbiza. "Polepole, bwana wee!" Mwatima akapiga yowe, kisha yowe likageuka kicheko, na kwenye taa za njia panda askari wa barabarani aliyevaa koti la mvua akasimamisha mabasi mawili, akawapisha, akawapigia na saluti.

Kwenye jengo lao lifti ilikuwa imezimwa kwa sababu ya maji. Wakaaga mchukuzi, Othman akalitwika sanduku begani, wakaanza ngazi. Ghorofa ya pili akapumzika. Ya tatu akapumzika. Ya tano akalitua, akalikalia, hana pumzi.

"Tunakwenda ya ngapi?" Mwatima akauliza.

"Ya tisa," akajibu Ilham.

"Mtume!"

"Bi Mwatima, kwani humu mna nini?"

"Mna nguo zangu kidogo, karafuu, kinu na mchi wake. Na mbuzi."

Ilham akasimama palepale. "Mbuzi? Umemtia mbuzi ndani ya sanduku? Na forodhani wamekupitisha?"

Mwatima akamtazama, kwanza hakuelewa. Kisha akamgeukia Othman. "Mtoto hajui mbuzi? Hujamfundisha mbuzi ya kukunia nazi?"

"Nazi tunanunua za maji, kwenye boksi," Othman akasema kwa aibu.

"Kwenye boksi!" Mwatima akakaa ngazini, akajishika kichwa, akaanza kucheka, na Ilham alipoelewa naye akakaa pembeni yake akacheka, wakaegemeana. Sauti zao zikapanda na kushuka katika ngazi za jengo zima. Mlango wa ghorofa ya tano ukafunguka. Mzee wa Kichina aliyevaa nguo za kulalia akatoa kichwa, akamwona mtu wa suti amelowa, amekaa juu ya sanduku bila viatu, na wanawake wawili wameketi ngazini wanalia kwa kicheko. Akauliza kwa upole kama kuna tatizo.

Ilham akajaribu kumweleza. Alianza na mbuzi, na kwa hiyo kila alichosema kilizidi kumchanganya mzee. Mwishowe mzee akatikisa kichwa, akavaa ndara zake, akashika upande mmoja wa sanduku, akamwashiria Othman ashike wa pili.

"Ya ngapi?" akauliza.

"Ya tisa," Othman akasema, akainuka, na wakaendelea kupanda.